Kubadilishana Nyumba kwa Wanaofanya Kazi kwa Mtandao Ughaibuni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kubadilishana nyumba ni makubaliano ambayo wewe unakaa katika nyumba ya mtu mwingine, naye anakaa katika yako, kwa muda mliopanga na bila yeyote kumlipa mwenzake kodi. Utaratibu huu una umri mrefu kuliko intaneti: mashirika ya Intervac na HomeLink yalianza mwaka 1953, la kwanza likiwa limeanzishwa Ulaya na walimu waliotaka kusafiri kwa gharama nafuu wakati wa likizo, na HomeExchange ikafuata nchini Marekani mwaka 1992. Ulibuniwa kwa ajili ya watu walio likizoni, na ushauri mwingi unaotolewa hadi leo unamlenga mtu wa namna hiyo, ambaye nyumba kwake ni mahali pa kulala na kuweka mizigo. Wewe unayefanya kazi kwa mtandao utashinda ndani ya nyumba hiyo saa nane kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ukiwa kwenye vikao na wenzako. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ruhusa, unakwenda kwenye meza ya kazi na intaneti, kisha unafika kwenye makubaliano ya maandishi. Vivutio vya mji utavitafuta mwenyewe.

Ili mambo yasibaki hewani, nitatumia mfano wa Mtanzania au Mkenya anayeishi Berlin katika nyumba ya kupanga, aliyeajiriwa na kampuni ya Ujerumani, na anayetaka kukaa Lisbon wiki sita kwa kubadilishana na mkazi wa huko. Baadaye nitagusia pia kubadilishana na nyumba iliyoko Afrika Mashariki, kwa kuwa wengi wetu hupenda kufanya kazi kwa muda tukiwa nyumbani.

Hatua ya kwanza: pata ruhusa kabla ya kutafuta nyumba

Ruhusa ya kwanza ni ya mwenye nyumba wako. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa hakuna fedha zinazotolewa, mwenye nyumba hahusiki. Nchini Ujerumani, kifungu cha 540 cha Sheria ya Kiraia kinasema kwamba mpangaji hana haki ya kumpa mtu mwingine matumizi ya kitu alichopanga bila idhini ya mwenye mali, na kifungu hicho hakiulizi kama mpangaji amelipwa. Kupokea mgeni ukiwa nyumbani ni jambo moja. Kumkabidhi mtu funguo za nyumba nzima nawe ukiwa nchi nyingine ni jambo jingine kabisa. Mwandikie mwenye nyumba, au kampuni inayosimamia jengo, barua fupi yenye tarehe, jina la mgeni, idadi ya watu watakaokaa na maelezo kwamba hakuna kodi inayotozwa, kisha subiri jibu la maandishi. Akikataa, likubali jibu hilo, kwa sababu kufukuzwa katika nyumba ya Berlin, mji ambao nyumba za kupanga zimekuwa adimu mno, ni hasara ambayo wiki sita za Lisbon haziwezi kuifidia.

Ruhusa ya pili ni ya mwajiri, na hii ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mkataba unaokuruhusu kufanya kazi ukiwa nyumbani haumaanishi kwamba unaweza kuifanya ukiwa nchi yoyote. Kampuni inaweza kujikuta na wajibu wa kodi katika nchi uliyokwenda, inaweza kuwa imewaahidi wateja kwamba taarifa zao hazitafunguliwa nje ya Umoja wa Ulaya, na kwa safari za ndani ya Ulaya inapaswa kukuombea hati ya A1, inayothibitisha kwamba michango yako ya hifadhi ya jamii inaendelea kulipwa Ujerumani. Mweleze msimamizi wako tarehe na mahali, na uombe jibu kwa barua pepe. Anayeondoka kimyakimya akidhani hakuna atakayejua anasahau kwamba idara ya kompyuta huona kila siku mfanyakazi ameingia kwenye mfumo kutoka nchi gani.

Ruhusa ya tatu ni ya uhamiaji. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja ya matembezi, kwa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku zote alizokaa katika nchi hizo nyingine hujumlishwa pamoja, hata wiki aliyomtembelea rafiki Paris. Ruhusa ya kutembelea, hata hivyo, haijibu moja kwa moja swali la kufanya kazi, na nchi hazifanani katika jambo hili. Uingereza, kwa mfano, tangu Januari 31, 2024 inamruhusu mgeni kufanya kazi ya mwajiri wake wa nje kwa mtandao maadamu kazi hiyo si lengo kuu la safari. Ureno nayo ilianzisha mwezi Oktoba 2022 viza maalumu ya wafanyakazi wa mtandaoni, inayodai kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko, lakini hiyo ni kwa anayekusudia kukaa muda mrefu kuliko mtu wa mfano wetu. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda, na ukihifadhi jibu lake utakuwa na cha kuonyesha ukiulizwa mpakani.

Chunguza pia sheria zinazomgusa mwenyeji wako. Italia inamtaka yeyote anayempa malazi mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, hata akiwa ndugu yake, atoe taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ya usalama ya mahali hapo ndani ya saa 48. Kwa upande wa Berlin, mgeni anayeishi nje ya Ujerumani hahitaji kujiandikisha katika ofisi ya wakazi iwapo atakaa chini ya miezi mitatu. Mweleze mwenzako mapema, maana jambo hili huwatia watu wasiwasi usio na sababu.

Mwisho, zungumza na kampuni zako za bima. Bima ya vitu vya ndani inaweza kuwa na masharti nyumba ikikaliwa na mtu mwingine, na bima ya dhima binafsi, inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine na ambayo watu wengi wa Ujerumani wanayo, ina tofauti kubwa kati ya mkataba na mkataba. Uliza maswali mawili mahususi: je, inalipia uharibifu nitakaousababisha katika nyumba ya mtu niliyopewa kwa muda, na je, inalipia funguo zikipotea? Funguo za majengo mengi ya Ujerumani ni sehemu ya mfumo mmoja unaofungua lango, ghala la chini na mlango wa nyumba, hivyo ufunguo mmoja ukipotea huenda jengo zima likalazimika kubadilishiwa vitasa, kwa gharama ya maelfu ya yuro.

Hatua ya pili: chagua aina ya mabadilishano

Zipo njia tatu. Mnaweza kuhama kwa wakati mmoja, kila mmoja akiingia kwa mwenzake. Mnaweza kubadilishana kwa nyakati tofauti, ikiwa mmoja wenu ana mahali pengine pa kukaa. Au mnaweza kutumia jukwaa lenye mfumo wa pointi, kama HomeExchange, ambako unampokea mtu mmoja na kutumia pointi ulizopata kukaa kwa mtu mwingine kabisa. Kwa mfanyakazi aliyepanga nyumba moja tu, njia ya kwanza ndiyo rahisi. Pia huwapa pande zote mbili sababu sawa ya kutunza mali ya mwenzake, na kwa maoni yangu hiyo inafaa kuliko amana yoyote.

Hatua ya tatu: andika tangazo linaloanza na meza ya kazi

Piga picha ya meza, kiti, soketi zilizo karibu na mwanga wa dirisha saa za asubuhi, na useme kama chumba hicho kina mlango unaofungika. Taja urefu na upana wa meza kwa sentimita, kwa sababu meza ya kahawa inaweza kuonekana pichani kama meza ya ofisi. Kama una skrini ya ziada ambayo mgeni anaruhusiwa kuitumia, iandike.

Kisha taja kasoro kwa ukamilifu uleule. Ghorofa ya nne isiyo na lifti, ujenzi unaoendelea jengo la pili, shule ya chekechea chini ya dirisha, jirani anayejifunza kinanda kila saa kumi jioni: haya yote ni ya kuandikwa. Mgeni aliyeyajua mapema hupanga vikao vyake kwa kuyazingatia, lakini aliyeyakuta hukaa na kinyongo, na anaishi na kinyongo hicho ndani ya nyumba yako.

Hatua ya nne: mthibitishe mtu na nyumba yake

Zungumzeni kwa simu ya video, zaidi ya mara moja, na katika mazungumzo ya pili muombe akutembeze nyumbani moja kwa moja badala ya kukutumia video aliyorekodi. Muombe atoke hadi mlango wa nje na aonyeshe mtaa, kisha linganisha na picha za ramani za mtandaoni. Tafuta picha za tangazo lake kwa huduma ya kutafuta picha, uone kama zimetumika mahali pengine kwa jina lingine. Yeye pia ana haki ya kukuomba hayo, kwa hiyo yafanye bila kuona haya na bila kuyafanya yafanane na mahojiano ya polisi. Usitume fedha za kuhifadhi nafasi kwa mtu uliyekutana naye nje ya jukwaa, na ukiombwa nakala ya pasipoti, ziba namba kabla ya kuituma.

Uliza pia jinsi nyumba inavyopashwa joto. Watu huiona Lisbon kama mji wa jua, lakini nyumba nyingi za zamani za huko hazina mfumo wa kupasha joto, na mwezi Januari baridi ya ndani huzidi ile uliyoizoea Berlin, ambako radieta hufanya kazi mchana kutwa. Kukaa mbele ya kompyuta saa nane mikono ikiwa imeganda ni adha kubwa, na hita za umeme zinazoletwa kuokoa hali huongeza bili ambayo lazima mkubaliane nani atailipa.

Hatua ya tano: pima intaneti kama unavyopima nyumba

Usikubali jibu la kwamba intaneti ni nzuri. Muombe mwenyeji apime kasi akiwa ameketi kwenye meza utakayotumia, kwa kompyuta na si kwa simu, mara moja katikati ya asubuhi ya siku ya kazi na mara nyingine jioni majirani wanapotazama filamu, kisha akutumie picha za matokeo. Namba ya kupakua ndiyo inayotangazwa na kampuni za simu, lakini namba itakayoamua kama wenzako wanakuona na kukusikia ni ya kupakia, yaani kutuma kutoka kwako. Kikao cha video cha ubora wa juu kinahitaji takribani megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kwa kila upande, kwa hiyo laini inayopakia megabiti 10 inamtosha mtu mmoja, lakini itawabana wawili wanaofanya vikao kwa pamoja huku faili kubwa zikipandishwa. Angalia pia muda wa mwitikio, ambao huandikwa kwa milisekunde: ukivuka 150, mtaanza kukatizana maneno hata kama kasi ni kubwa.

Uliza ruta iko chumba gani na kama kuna kebo inayofika mezani, kwa maana kuta nene za majengo ya zamani humeza mawimbi. Kisha weka njia ya akiba. Ndani ya Umoja wa Ulaya laini yako ya Ujerumani hutumika Ureno kwa bei ya nyumbani, ingawa kifurushi cha data kinaweza kuwa na kikomo cha matumizi ya nje, hivyo soma masharti. Mwenyeji afungue mtandao wa wageni kwenye ruta yake, ili kompyuta ya kampuni yako isikae mtandao mmoja na runinga na vifaa vyake vingine, nawe umfanyie vivyo hivyo.

Jambo moja la Ujerumani ni la kumweleza mgeni bila kuficha: filamu na muziki wenye hakimiliki vikipakuliwa kwa programu za kugawana faili, mwenye laini ya intaneti ndiye anayepokea barua ya wakili inayodai fidia. Nchi nyingine hazilifuatilii jambo hili kwa ukali huo, na mgeni asiyejua anaweza kukuingiza matatani bila nia mbaya.

Hatua ya sita: andikeni makubaliano

Kurasa mbili zinatosha, katika lugha ambayo nyote mnaisoma vizuri, na kila mmoja atie saini. Anzeni na majina ya wote watakaolala katika kila nyumba, tarehe, na saa za kuingia na kutoka, zikiandikwa kwa mfumo wa saa 24 ili pasiwe na utata. Endeleeni na bili: nani analipa umeme, maji na joto, na kiwango ambacho kikivukwa mgeni atalipa ziada. Andikeni vitu visivyoruhusiwa, kama sigara, karamu, wageni wa kulala na wanyama, na mwagize kwa maneno halisi yale mnayoyadhani ni ya kawaida. Mkazi wa Berlin anajua kwamba madirisha hufunguliwa wazi kabisa kwa dakika chache, angalau mara mbili kwa siku hata wakati wa baridi, ili ukungu usiote ukutani, na kwamba chupa hazitupwi kwenye mapipa ya barabarani siku ya Jumapili kwa sababu ya kelele. Mtu wa Lisbon hawezi kuyabuni haya.

Kifungu kinachostahili muda wenu zaidi ni kile cha dharura. Itakuwaje mmoja wenu akiugua, akifiwa au akiitwa ofisini na kulazimika kurudi mapema? Kuna aliyerudi na kumkuta mgeni yuko katikati ya wiki ya kazi, na pande zote mbili zikawa na haki. Kubalianeni muda wa taarifa, mfano siku saba, na kwamba anayekatisha ndiye atakayegharamia malazi ya mwenzake kwa siku hizo. Vivyo hivyo kwa intaneti: ikikatika zaidi ya siku moja, nani atawasiliana na kampuni husika, na nani atalipia nafasi katika ofisi ya pamoja? Kama kuna kamera nje ya nyumba itajwe, na kamera za ndani zizimwe na kuondolewa bila mjadala.

Ukibadilishana na nyumba iliyoko Afrika Mashariki

Hapa hatua zote zilizotangulia zinabaki, na yapo mengine ya kuongeza, uwe wewe ndiye unayekwenda huko au ndiye mwenye nyumba huko unayempokea mgeni. Kwa mwenye kibali cha Ujerumani, kukaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita kwa kawaida hufuta kibali, isipokuwa ofisi ya wageni imekupa muda mrefu zaidi au aina ya kibali chako ina kanuni yake. Raia wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa, tangu Oktoba 1, 2024, kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo bei yake kwa mtu mzima ni dola 44. Viza ya matembezi ya Tanzania haimruhusu mgeni kufanya kazi nchini, kwa hiyo mwenzako asiye raia aulize Uhamiaji kuhusu hali yake kabla ya kukata tiketi. Ni busara pia kumtambulisha mgeni wako kwa sheha, ikiwa nyumba iko Zanzibar, au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikiwa iko bara, ili asionekane mtu asiyejulikana aliyehamia katika nyumba yako.

Swali la kwanza la kiufundi ni umeme. Kompyuta mpakato ina betri, lakini ruta haina, na umeme ukikatika kikao kinakufa hata kama kompyuta imejaa chaji. Uliza kama ruta imeunganishwa na betri ya akiba au inveta. Mweleze mgeni namba ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au ya tokeni ikiwa nyumba iko Kenya, na umwachie uniti za kutosha wiki ya kwanza, kwa kuwa asiye na laini ya simu ya nchini hawezi kununua kwa simu na atalazimika kutafuta wakala. Plagi zetu ni za pini tatu za mraba, hivyo awe na adapta. Nguvu ya umeme ni karibu sawa na ya Ulaya.

Hesabu saa vizuri. Wakati wa baridi Dar es Salaam na Mombasa zinaitangulia Berlin kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi kwa saa moja, mabadiliko yakifanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao cha saa 3:00 asubuhi Berlin mwezi Januari ni saa 5:00 asubuhi Dar es Salaam, jambo ambalo ni nafuu, lakini siku ya kazi inayoisha saa 12:00 jioni Berlin kwako itaisha saa 2:00 usiku.

Kuna pia suala la ndugu. Ukitua nyumbani na kulala katika nyumba ya kubadilishana badala ya kwa wazazi au kaka yako, wapo watakaoumia. Wapigie simu kabla ya kusafiri, waeleze kwamba uko kazini na vikao vinaendelea hadi usiku, na uwatengee Jumamosi na Jumapili nzima. Mgeni aliye kwenye nyumba yako kule Berlin hawezi kukuombea radhi kwa mama.

Hatua ya saba: andaa nyumba yako

Tenga kabati moja linalofungwa kwa ufunguo, na humo uweke vyeti, kadi za benki, barua za serikali, diski za kazi na vitu vya thamani ya moyo. Toa nafasi katika kabati la nguo, jokofu na bafu. Piga picha kila chumba, kila kifaa na usomaji wa mita, na umtumie mwenzako siku hiyohiyo ili tarehe ijulikane. Acha ufunguo wa akiba kwa jirani unayemwamini, kwa sababu milango mingi ya Ujerumani hujifunga ikirudishwa tu, na fundi wa kufuli wa usiku hutoza fedha nyingi. Andika karatasi moja ya maelekezo: nywila ya mtandao wa wageni, swichi kuu ya umeme, mahali pa kufungia maji, ratiba ya taka, namba ya fundi na ya jirani.

Hatua ya nane: kuingia na kutoka

Fika Ijumaa jioni au Jumamosi, kamwe usifike Jumapili usiku. Kabla ya Jumatatu keti kwenye meza ile, washa kompyuta ya kazi, ingia kwenye mfumo wa kampuni na umpigie rafiki kwa video nusu saa nzima. Kikiwapo cha kurekebisha, kama kiti kifupi au mawimbi hafifu, utakuwa na siku nzima ya kukirekebisha na mwenyeji atakuwa na muda wa kukujibu.

Siku ya kutoka soma mita, piga tena picha zilezile kutoka pembe zilezile, osha mashuka au uyaache kama mlivyokubaliana, na utaje mwenyewe kilichovunjika kabla hakijagunduliwa. Ondoa akaunti zako kwenye runinga na vifaa vya mwenyeji. Ukifika kwako, badilisha nywila ya mtandao wa wageni, linganisha mita na makubaliano, na mmalizane kuhusu bili ndani ya wiki mbili, wakati kumbukumbu za wote wawili bado ni mbichi.